Tupime: wikendi na watoto kuchunguza yale tunayoambiwa kila siku

Kina baba wenzangu wa Moshi na Arusha, na kina mama pia, hii naiandika kwa yule ambaye jumamosi watoto wako nyumbani, simu imeshawachukua macho yote, na hela ya kuwapeleka kuogelea hotelini kila wiki haipo. Mi hobi zangu ni ndogo ndogo, napenda kuangalia anga, napenda kupika, napenda kuchokonoa ramani na historia za huku kwetu, na kinachoziunganisha zote ni kwamba sikubali jambo kwa sababu tu limesemwa na watu wengi. Ukizigeuza kidogo hobi za namna hii zinakuwa michezo ya nyumba nzima, na watoto wanapata kitu ambacho mi naona ni urithi mkubwa kuliko kiwanja, yaani kuuliza "imejulikanaje hiyo?" halafu wakaenda kuangalia wenyewe.

Vifaa ni vya kawaida kabisa. Daftari moja la familia, kalamu, rula, uzi na kajiwe ka kufanyia timazi (kuona kama kitu kimesimama wima), fimbo iliyonyooka ya mita moja, punje za choroko, kopo lenye kuta zilizonyooka, na simu kwa ajili ya saa na ramani. Basi.

Adabu kwanza

Huku kwetu mtoto akimuuliza mkubwa "umejuaje" anaonekana kakosa malezi, na mi siungi mkono mtoto kumbishia bibi yake mbele ya wageni. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote wafundishe namna ya kuuliza. Shikamoo inatangulia, halafu "bibi tunaomba tujaribu pamoja na wewe tuone". Neno letu nyumbani ni moja tu, tupime. Hakuna anayeitwa muongo, kinachopimwa ni lile jambo na sio mtu aliyelisema, na ukimpa bibi kazi ya kusimamia jaribio utashangaa anavyolipenda kuliko watoto wenyewe. Na wewe baba uwe wa kwanza kupimwa, maana ukiwaruhusu wahoji ya jirani tu halafu ya kwako hayaguswi, ule mchezo umekufa siku hiyo hiyo.

Jambo la pili, makisio yaandikwe KABLA. Kwenye daftari andika jambo lililosemwa, kila mtu anakisia nini, tutapima vipi, halafu mwisho kilichotokea. Hii usiiruke hata kama watoto wana haraka. Binadamu akishaona jibu anaamini alikuwa analijua tangu mwanzo, wakubwa ndo tumezidi, daftari ndo linatuweka sawa.

Na kuna mambo ya kuacha. Imani ya mtu, habari za marehemu, ndoa za watu, hayo sio ya kupimwa na fimbo wala rula.

Anza na mwezi, ni rahisi

Wengi tunaamini mwezi mpevu ukichomoza unakuwa mkubwa halafu unapungua kadri unavyopanda. Ukiuangalia unatoka upande wa Himo jioni ile saa 12 na nusu hivi kweli unaonekana kama umevimba. Chukua njiti ya fagio, bandika punje ya choroko kwenye ncha kwa selotepu, mtoto anyooshe mkono wote, afumbe jicho moja, aone choroko inaufunika mwezi kiasi gani. Itaufunika karibu wote. Halafu warudie ileile saa 4 usiku mwezi ukiwa juu, mkono uleule, choroko ileile. Inafunika vilevile! Mwezi haujapungua hata kidogo, ni jicho na ubongo vinavyolinganisha mwezi na miti na milima ya pale chini. Na la kuwashangaza zaidi waambie kwamba mwezi ukiwa utosini uko karibu nasi zaidi kuliko wakati unachomoza, kwa kilomita kama elfu sita, kwa sababu dunia imezunguka ikatuleta upande unaoutazama mwezi.

Hii weka ya kwanza kwa sababu mtoto anajifunza kwamba hata macho yake mwenyewe yanapimwa.

Maharage ya mkaa na maharage ya gesi

Sasa hapa ndo pana utamu wenyewe. Kila nyumba ninayoijua ina mtu anayesema maharage ya gesi hayana ladha, kwamba ya mkaa au ya kuni ndo maharage, na saivi nishati safi ya kupikia inahimizwa kila kona mjadala umekuwa mkali zaidi. Badala ya kubishana pikeni.

Maharage yawe ya gunia moja, yachambuliwe na kulowekwa pamoja usiku halafu yagawanywe nusu kwa nusu. Sufuria mbili zinazofanana. Maji yapimwe kwa kikombe, chumvi kwa kijiko, kitunguu na nyanya na nazi kama mnaweka vipimwe pia, sufuria moja mkaani na moja kwenye gesi. Yakiiva yote yaache yafikie joto sawa, maana mtu akigusa ya moto na ya uvuguvugu atajua tu bila kuonja.

Kisha chukua visahani nane, vinne maharage ya mkaa na vinne ya gesi, chini ya kila kisahani andika alama. Anayepanga visahani asiwe yule anayewahudumia waonjaji, hili ni la muhimu sana, kwa sababu anayejua jibu uso wake unaongea hata akinyamaza, mtoto ataangalia jicho la mama yake na kusoma humo humo. Mmoja apange chumba kingine, aondoke, mwingine asiyejua alete. Mwonjaji anaambiwa kitu kimoja tu, vinne ni vya mkaa, vichague.

Kwa nini nane? Namna za kuchagua visahani vinne kati ya nane zipo 70, unazidisha 8 kwa 7 kwa 6 kwa 5 unagawa kwa 24. Kwa hiyo mtu anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya sabini ya kupata zote, na akizipata zote unakuwa na haki ya kuamini kuna kitu kweli anakihisi. Mpango huu wenyewe una historia, Uingereza miaka ya 1920 mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alikuwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted na mwenzake Muriel Bristol akasema yeye anatambua kama maziwa yalitangulia kwenye kikombe au chai ilitangulia, ndo wakamwekea vikombe nane wampime. Yaani mojawapo ya misingi ya utafiti wa leo, hata wa dawa za hospitali, ilielezwa kwa mfano wa chai ya maziwa. Mtoto wa darasa la sita akisikia hivo anaanza kuiangalia hesabu kwa jicho lingine.

Nyumbani kwetu watoto na mimi tulionja, matokeo yetu yakawa ya kubahatisha. Bibi yao akapata zote nane. Watoto walipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Lakini tukamwomba atueleze alitambuaje, akasema hakuhisi moshi wala nini, aliangalia uzito wa mchuzi, wa mkaa umechemka taratibu kwa muda mrefu ukawa mzito, wa gesi ni mwepesi. Hapo umeona? Jambo lililosemwa lilikuwa ni moto, na kilichoonekana ni muda. Kwa hiyo zamu inayofuata sufuria ya gesi ipunguzwe moto, ipewe muda uleule wa mkaa, na waonjaji wafungwe kitambaa machoni. Mimi hiyo hatua ya pili ndo naipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu watoto wenyewe ndo wanaanza kuuliza "na kama ni sufuria je? na kama ni maji?", na ukifika hapo kazi yako kama baba ni kukaa pembeni na kuosha vyombo.

Siku fimbo inapokosa kivuli

Kama utafanya kimoja tu mwaka mzima fanya hiki.

Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, Moshi na Arusha zote ziko kama nyuzi 3.4 kusini, kwa hiyo jua linapita juu kabisa ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni karibu na tarehe 11 au 12 Machi, ya pili ni karibu na tarehe 1 au 2 Oktoba. Siku hiyo adhuhuri fimbo iliyosimama wima haina kivuli, imekikanyaga. Machi mawingu ya masika yanaweza kuharibu, Oktoba mara nyingi anga ni safi zaidi.

Adhuhuri ya jua sio saa 6 kamili ya saa yako, na hili watu wengi hawalijui. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali huko upande wa Somalia, na sisi tuko kama nyuzi 37, kwa hiyo jua linatufikia utosini limechelewa kama nusu saa. Ukiongeza na yale mabadiliko ya kila mwaka ya mwendo wa jua, Moshi mwanzoni mwa Oktoba ni kama saa 6:20 mchana, katikati ya Machi ni kama saa 6:40. Arusha ongeza dakika mbili au tatu. Usiamini hata hizi namba zangu, toka nje nusu saa kabla, simika fimbo, weka alama ya ncha ya kivuli kila dakika tano, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote ndo adhuhuri yenu.

Fimbo iwe wima kweli, ndo maana ya timazi. Funga kajiwe kwenye uzi, shika uzi kando ya fimbo, angalia kutoka pande mbili, kama fimbo inafuata uzi pande zote mbili ipigilie. Chini pawe sawa, mi natumia ubao nauweka na bakuli la maji juu kuona kama umelala sawa. Watoto wasitazame jua, kazi yote ni kutazama chini, hilo lisisitize kila mara. Ukikosea kwa siku moja kabla au baada fimbo ya mita moja inabakiza kivuli pungufu ya sentimita moja, kwa hiyo ukikosa jumamosi jaribu jumapili, bado utafurahi.

Sasa mpigie simu mjomba wa Dar. Kila familia ya huku ina mjomba au shangazi wa Dar. Mwombe siku hiyohiyo asimike fimbo yake ya mita moja kwa timazi, apime kivuli kifupi kuliko vyote, kwake Oktoba ni karibu saa 6:13 mchana. Nyie hamna kivuli, yeye atakuwa na kivuli cha sentimita 6 hivi kinachoelekea kusini, kwa sababu jua liko juu ya kwenu na sio juu ya kwake. Kama dunia ingekuwa bapa kama sinia na jua liko mbali sana fimbo zote mbili zingefanana.

Na hesabu yake haina ugumu. Chora akilini duara ambalo kutoka katikati mpaka ukingoni ni sentimita 100, kama fimbo yenu, mzunguko wake ni sentimita 628. Sentimita 6 za mjomba zinaingia humo mara karibu 105. Maana yake ule umbali wa kutoka Moshi mpaka Dar ukirudiwa mara 105 unazunguka dunia yote. Umbali usichukue wa barabarani, basi linazungukia Korogwe na Chalinze, chukua umbali wa kaskazini kwenda kusini tu kwenye ramani, ni kama kilomita 383. Zidisha 383 kwa 105. Inakuja elfu arobaini na kidogo, na mzunguko halisi wa dunia ukipitia ncha mbili ni kama kilomita 40,008.

Mjomba akipima sentimita 5 na nusu au 6 na nusu jibu litasogea kwa maelfu ya kilomita, ni kawaida, wafundishe watoto kuandika na ukubwa wa mashaka yao, "kati ya kilomita 37,000 na 44,000" ni jibu la heshima kabisa kwa fimbo mbili na simu. Eratosthenes alifanya hesabu ya namna hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita bila hata hiyo simu. Na zile video za dunia bapa ambazo vijana wanatumiana, mi sikumkataza wa kwangu kuziangalia, nilimpa fimbo. Kile kivuli amekipima kwa rula yake mwenyewe, hakuna video inayoweza kumnyang'anya.

Safari ya Arusha: Mnara wa Saa

Mnasikia kila siku kwamba Mnara wa Saa wa Arusha uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Wapandishe watoto Coaster asubuhi, ni kilomita kama 80 kutoka Moshi, wapigie picha pale, wale mahindi ya kuchoma, halafu mkirudi nyumbani mpime.

Kama una tufe la dunia au unaweza kuazima shuleni tumia uzi. Nyoosha kutoka Cairo mpaka Arusha, weka alama, halafu Arusha mpaka Cape Town. Kama huna tufe programu za ramani kwenye simu zinapima umbali wa moja kwa moja. Cairo inakuja kama kilomita 3,760 na Cape Town kama 3,890. Tofauti ni kilomita 130 hivi, kwa safari inayokaribia kilomita elfu nane!

Mi nilitegemea kabisa ni maneno ya kufurahisha watalii, na watoto waliandika hivohivo kwenye daftari. Kumbe iko karibu sana na ukweli. Hapo ndo pa kukaa na watoto muda mrefu, kwa sababu mtoto akishaonja raha ya kugundua uongo anaanza kudhani kila kitu ni uongo, na huyo hana tofauti na anayeamini kila kitu, wote wawili wamekataa kupima. Waulize pia, katikati kwa njia ipi? Kwa ndege ndo hivo, kwa barabara lazima ihesabiwe upya, na kwa nyuzi za kaskazini na kusini peke yake nusu ya njia inaangukia kama nyuzi 2 kusini, kaskazini zaidi ya Arusha. Swali likiwa halijakaa sawa hata jibu zuri halisaidii.

Hadithi za mlima wetu

Jioni ya mvua hamwendi popote, fanyeni upelelezi wa tarehe. Hii hapa moja. Tunaambiwa, na waongoza watalii wengine bado wanasimulia, kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kaiser Wilhelm, mfalme wa Wajerumani, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Mpe mtoto karatasi, aandike tarehe mbili tu. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani yaliyochora mstari ule yalikuwa mwaka 1886. Wilhelm wa Pili alikuja kuwa Kaiser mwaka 1888. Mwaka 1886 alikuwa bado mwanamfalme tu, babu yake ndo yuko kwenye kiti. Zawadi ya Kaiser ambaye bado hajawa Kaiser? Watoto wanalidaka hilo haraka kuliko wakubwa. Mpaka ulipinda kwa sababu watawala wawili waligawana vya watu mezani, Mombasa ikabaki kwa Waingereza na mlima ukaangukia kwa Wajerumani, na Wachaga walioishi pale hakuna aliyewauliza. Hiyo hadithi ya zawadi ni tamu lakini inaficha jambo zito, mi naona ndo sababu ya kuifuta.

Halafu wasimulie na ya upande wa pili. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima na kuandika kwamba juu kuna theluji. London wakakataa. Msomi wa jiografia William Desborough Cooley, ambaye hajawahi kukanyaga huku, akasisitiza kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Walikuja kukubali baadae, baada ya safari za mvumbuzi Mjerumani Karl Klaus von der Decken kuanzia mwaka 1861. Wachaga muda wote huo walikuwa wanaiona kila asubuhi wakitoka nje kulisha ng'ombe. Muulize mtoto, Cooley alikuwa anauliza maswali, alikosea wapi? Muache ajibu mwenyewe, usimsaidie.

Upatu, hii isikosekane

Kijana wako akifika form two ataletewa group la "wekeza elfu hamsini, leta watu watano, subiri". Mwaka 2009 nchi nzima iliona upatu wa DECI, watu walipanda "mbegu", yaani hela zao, wakingoja kuvuna mpaka serikali ilipoifunga, na huku kwetu zipo nyumba ambazo hazijasahau. Kumkataza tu haitoshi, mpe kete za bao zote 64 na umwambie apange. Mmoja juu, analeta watano, kila mmoja wa hao analeta watano. Mstari wa tatu kete zimetumika 31, mstari wa nne unataka kete 125 na zimebaki 33 tu! Bao moja limeshindwa kulisha mistari minne.

Aendelee kwa kalkuleta. Mstari wa kumi na mbili ukijumlisha na yote ya juu unafika watu 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Yani mistari kumi na mbili imemaliza nchi, na vichanga wa siku moja wamo, na wale wa mstari wa mwisho, karibu milioni 49, hawana wa kumleta. Watu wanne kati ya watano wamelipa na hawatalipwa, na hapo hakuna aliyeiba bado, ni hesabu tu ndo iko hivo. Mimi nakuomba sana hii uifanye na vijana wako kabla mtu mwingine hajawafikia.

Ya afya tusipime nyumbani

Hapa mi nakuwa mkali. Majani, maji ya limao, vitunguu swaumu, zile meseji za "daktari mmoja India amesema, sambaza kwa watu kumi", hizo tunazichunguza kwa maswali tu, hatujaribu kwenye mwili wa mtu. Maswali yenyewe: nani amesema kwa jina, lini, wagonjwa walipimwa hospitali kabla na baada, na wale ambao hawakupona wako wapi kwenye hadithi. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ndefu kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, mengi yalipita Arusha hapahapa, watu wazima wenye akili zao na mawaziri wakiwemo. Siwacheki hata mmoja, mtu mwenye mgonjwa ndani anatafuta popote. Lakini swali la nani alipimwa kabla na nani alipimwa baada lilikuwa linaulizwa na wachache mno, na wapo walioacha dawa zao za kila siku. Mtoto aliyezoea kuuliza hilo swali kwenye maharage ataliuliza na kwenye dawa. Ila mgonjwa aendelee na dawa za hospitali, hilo halina mjadala.

Kopo la mvua

Hili ni la kuachwa liendelee lenyewe mwaka mzima. Wazee wanasema zamani mvua ilikuwa kubwa, vijana wanasema ni ileile, na hakuna aliyeandika. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, mahali pa wazi mbali na paa na migomba, liinuke kidogo lisirukiwe na matope. Kila asubuhi kabla ya shule mtoto mmoja apime kwa rula maji yamepanda milimita ngapi, aandike, amwage. Siku ambayo hakuna mvua aandike sifuri, sifuri nayo ni habari, bila hiyo huwezi kujua kama mvua haikunyesha au mtu alisahau.

Faida yake ya nyumbani ni hii, milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Paa lenye mita za mraba 50 likipata milimita 20 limekusanya lita 1,000, simtanki zima, ukitoa kidogo kinachopotea kwenye gata. Watoto wapime paa lenu kwa hatua kutokea chini, urefu mara upana wa nyumba, wapige hesabu ya simtanki yenu inahitaji milimita ngapi kujaa, waandike ukutani karibu na mlango wa jikoni. Vuli ikianza asubuhi ya kwanza wasome kopo, wakisie maji yamefika wapi kwenye tanki, halafu ndo wapande ngazi kuchungulia, na wewe uishike hiyo ngazi kwa chini.